Kioo cha Bwana Heshmat

Gari la Bwana Heshmat halikuwashwa tu kama magari mengine, lilibembelezwa kwanza. Kila alfajiri ya miezi ya baridi, mji wa Hamadan ukiwa bado umejikunyata chini ya theluji, mzee huyo alitoka na birika la maji ya uvuguvugu, akafungua boneti na kuliondoa blanketi kuukuu alilofunikia injini usiku kucha. Alilikunja vizuri, akalitia kwenye buti. Kisha akachomeka kipande cha boksi mbele ya rejeta ili upepo usiipulize, akamwagia kioo cha mbele maji kidogo kidogo. Yakiwa ya moto sana, kioo hupasuka, na mtaa mzima ulikuwa unajua ni kijana gani aliyepasua cha baba yake mwaka juzi. Ndipo akaingia, akavuta choki, akaanza maneno yake.

"Haya bibie, amka. Mwalimu anasubiri. Usiniaibishe mbele za watu."

Gari hilo kuukuu aina ya Paykan likakohoa mara tatu, likashika.

Mkewe Turan alifuata nyuma na bilauri mbili za chai, kipande cha sukari cha kunywea chai kikiwa tayari shavuni, akaketi kiti cha pembeni na kuvuta mlango. Walikuwa na miaka thelathini na minne ya ndoa, na robo saa hiyo ya kungoja injini ipate moto ilikuwa tamu kwake kuliko siku nzima iliyobaki. Hakumwambia mtu. Mwanamke wa makamo yake akisema hivyo atachekwa.

"Kwa nini unaliita bibie?" alimtania. "Mimi hujaniita hivyo tangu Siamak azaliwe."

"Wewe ni mke mdogo. Huyu nilimwoa kwanza."

"Basi akupikie huyo."

"Angalau yeye hanuni nikichelewa. Kunywa chai, itapoa."

Kisha Heshmat alitoa kitambaa. Alisema pumzi zao zimekipiga kioo ukungu kwa ndani, hita ikivuma bila haraka, naye akafuta kwa mizunguko midogo, ulimi ukimtoka pembeni ya mdomo. Akafuta, akaegemea nyuma kutazama, akafuta tena.

"Upande wako vipi, mama Siamak? Kumetakata?"

"Bado kidogo," Turan alijibu.

Alikuwa anadanganya. Upande wake ulikuwa umetakata zamani, na upande wa mumewe pia. Ungeweza kuhesabu matofali ya ukuta wa jirani. Kioo kile kilikuwa safi kila asubuhi tangu theluji ya kwanza kuanguka, na kila asubuhi Heshmat aliugombeza ukungu usiokuwepo. Ukungu ulikuwa kwenye macho yake.

Turan aliligundua jambo hilo siku alipomwona akifuta mahali palepale mara tano, mwanga ukipenya bila kizuizi. Moyo ukamshuka. Alipoulizwa kama kumetakata, neno "bado" lilimtoka lenyewe, na tangu hapo hakujua namna ya kulirudisha.

Wala hakuwa peke yake. Watu wa kichochoro kile wana staha iliyopita kiasi. Watakuachia njia mlangoni hadi nyote wawili mgande nje, na kumwambia mtu aibu yake usoni ni jambo wasiloliweza hata kwa kupigwa. Yadollah mwoka mikate alipita, akakitazama kioo kinachong'aa, akasema, "Kweli kabisa, Bwana Heshmat, ukungu wa mwaka huu haujapata kutokea." Kesho yake akamletea nusu kiazi apake kioo. Mwingine akaleta sabuni ya kunyolea, mwingine chumvi ndani ya kitambaa. Nusu ya vitu vya jikoni vya mtaa vilikuwa ndani ya gari lile. Hakuna aliyesema neno lililotakiwa.

Mambo yangeendelea hivyo kama si yule mwalimu. Mahvash alipanga chumba mwisho wa kichochoro na kufundisha shule ya kijiji kilichoko juu mlimani, mwendo wa nusu saa kwa barabara yenye kona na makorongo. Kwa miaka mitatu Heshmat, ambaye kabla ya kustaafu alikuwa mlinzi wa shule, alimpeleka kila asubuhi, akisema shule bila mwalimu ni zizi. Sasa Mahvash alikuwa mjamzito wa miezi sita.

Alasiri moja alikuja kwa Turan kurudisha bakuli la supu, ndani ametia zabibu kavu, maana bakuli halirudi tupu. Alikaa ukingoni mwa zulia bila kuvua koti.

"Bwana Heshmat anaendesha taratibu sana siku hizi, Mungu amweke," alisema.

"Amina."

"Jana hata tulisimama kidogo. Punda alikatiza ghafla."

Mikono yake ilikuwa imelikumbatia tumbo. Turan aliitazama.

"Alikatiza, mwanangu, au alikuwa amesimama?"

Mwalimu aliinamisha kichwa.

"Alikuwa amesimama," alisema hatimaye. "Katikati ya barabara. Nilipiga kelele. Lakini mama, nakuomba usimwambie. Ataumia. Nitaendelea kwenda naye tu, Mungu mkubwa."

Turan alimsindikiza hadi mlangoni akarudi ndani. Msichana huyu alikuwa tayari kutumbukia korongoni na mtoto wake tumboni ili tu asimvunjie mzee heshima. Na aliyemfundisha kunyamaza ni nani, kama si yeye Turan na "bado" yake ya kila asubuhi?

Usiku ule hakupata usingizi. Alijua mumewe anaogopa nini. Baba yake Heshmat alipofuka akiwa na miaka sitini, akakaa miaka kumi na mmoja kando ya jiko la mafuta ya taa, akiulizia nani kaingia. "Nikifika pale," Heshmat alipata kumwambia, "nitoeni nje na theluji inifunike." Kumwambia kioo ni safi kulikuwa sawa na kumshika mkono na kwenda kumkalisha pale pale. Turan aliona afadhali ang'olewe meno yote.

Asubuhi alitoka na chai kama kawaida. Injini ilishika. Heshmat alifuta, akaegemea nyuma, akafuta.

"Upande wako vipi? Kumetakata?"

Turan aliiweka bilauri juu ya dashibodi.

"Kumetakata, baba Siamak. Kioo ni safi. Kimekuwa safi tangu theluji ya kwanza."

Kitambaa kikasimama. Injini ikawa inanguruma peke yake. Turan hakuthubutu kugeuza shingo. Alikaza macho kwenye ukuta, akaona matofali yanaanza kulowa na kutetemeka, akajua analia.

"Nilikudanganya," alisema. "Nisamehe. Sikuweza."

"Tangu theluji ya kwanza?" Heshmat aliuliza polepole.

"Ndiyo."

"Mimi najua tangu zabibu zinavunwa."

Turan akageuka. Mzee alikuwa amekishika kitambaa kwa mikono miwili juu ya magoti.

"Ulikuwa unajua?"

"Ni macho yangu, mwanamke, nisijue? Kila siku nilikuuliza. Nilisema, akiniambia kumetakata, basi leo nazima gari na kumwambia ukweli. Nawe kila siku unasema bado. Nikasema, labda Turan hataki niache. Labda anaona aibu kuwa na mume wa kukaa ndani."

"Mimi nione aibu? Mimi nilidhani nikisema utakufa!"

"Basi tumengojana," alisema Heshmat, akajaribu kucheka. "Kumbe hata mke na mume hufanyiana staha. Juzi nusura nimuue yule binti, Turan. Punda yule mimi nilimwona ni kivuli."

Alimvuta mkewe begani, juu ya gia na viazi na chumvi, wakakaa hivyo. "Wanasema mtoto wa jicho hupasuliwa siku hizi," Turan alimwambia, uso ukiwa kwenye koti lake. "Si kama zamani za baba yako. Jumamosi tunakwenda kwa daktari." Hakupingwa. Heshmat alinyoosha mkono akazima injini.

Mahvash alikuwa anakuja, amejitanda mtandio hadi machoni, mfuko wa madaftari ubavuni. Heshmat alishuka, akasimama mbele yake, akavua kofia kwenye baridi ile.

"Mwalimu, mimi sioni. Si ukungu, ni macho. Siwezi kukubeba tena."

Maneno ya staha yalikwisha kufika mdomoni mwa msichana. "Hapana, Bwana Heshmat, nani kasema, wewe unaendesha kuliko vijana wote wa..." Mkono ukaenda tumboni. Mabega yaliyokuwa yamekazana wiki nzima yakashuka, na machozi yakamtoka.

"Asante, baba," alisema. "Asante sana."

Heshmat alitikisa kichwa, akaivaa kofia yake. Basi dogo la kwenda kijijini lilikuwa linaondoka uwanjani saa moja, na njia nzima ya kufika hapo ilikuwa barafu. Wakamweka mwalimu katikati, kila mmoja akamshika mkono wake, wakaanza kushuka na kichochoro.

"Baba Siamak," Turan alisema, "kuna ngazi mbele yako."

"Ngapi?"

"Mbili. Ya pili ni fupi."

Heshmat aliteremsha mguu wa kwanza, kisha wa pili, kama alivyoambiwa.