Maziwa ya Merigi na Kitufe cha Nakubali

Kipkurui alipopiga simu asubuhi ile hakusalimu. Mtu wa Merigi akikupigia bila kukujulia hali, ujue kuna msiba au kuna ng'ombe ameanguka mtoni, na Amondi alikuwa ameshaketi kitako kitandani kabla hajajua ni lipi kati ya hayo.

"Dada, tangi haipoi," Kipkurui akasema. "Na maziwa yote iko ndani."

Amondi ndiye aliyewatengenezea wafugaji wa Merigi ile bodi ndogo inayosimamia tangi lao la kupozea maziwa. Inapima joto, inawasha mtambo wa baridi, na maziwa yakishapoa inauzima. Kabla yake palikuwa na swichi ya ukutani na mtu wa kukumbuka kuibonyeza. Swichi hiyo Amondi aliing'oa kwa mikono yake mwenyewe, akaitupa, akawaambia watu wazima wenye akili zao kwamba hawataihitaji tena maishani. Basi jana jioni ikaja mvua ya mawe, na radi ikaja nayo, ikaichagua bodi ileile kati ya vitu vyote vya Merigi. Kipkurui, mhudumu wa tangi, alipokea maziwa ya asubuhi kama kawaida. Alisikia pangaboi la kukorogea, ambalo halitegemei bodi, likizunguka, akadhani mambo ni shwari, mpaka alipotia mkono na kukuta maziwa yana joto lilelile la kiwele.

Bodi ya akiba ilikuwepo stoo, lakini ilikuwa tupu, haijatiwa programu. Kuitia programu kunataka kompyuta yenye zana zake, na kompyuta pekee yenye zana hizo ilikuwa hapa Litein, juu ya meza ya Amondi. Kati ya Litein na Merigi mto ulikuwa umefunika daraja. Watu wa boda boda, ambao kwa kawaida hukubali kubeba hata kabati, walimtazama tu na kutikisa kichwa.

Lori la kampuni ya maziwa lingefika Merigi mchana kutokea upande wa Bomet. Dereva angepima, na maziwa yaliyoanza kuchacha angeyakataa bila huruma. Maziwa yaliyochachia ndani ya tangi la chuma si mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyu, hata umpende vipi mwenye nayo. Yangemwagwa mtaroni, jasho la nyumba zote zilizokamua alfajiri ile.

"Iko ile flash nilikuachia juma lililopita?" Amondi akauliza.

Ilikuwepo. Alimwomba aijaribu akipata nafasi, naye Kipkurui, mtu wa kutunza vitu, aliifungia kwenye droo ya ofisi akingojea siku ya maana. Siku ya maana ndiyo hii, na ndani ya flash hiyo mlikuwa na kazi ambayo Amondi alikuwa ameihangaikia majuma mengi.

Alikuwa amechoka kuitwa Merigi kila taa ya bodi inapopepesa. Akaona afadhali zana zake ziwekwe kwenye kompyuta ya ofisi yao, wajihudumie. Lakini zana za kuandikia programu za bodi ndogo ni watu wagumu. Ipo kompaila ya kugeuza maandishi yawe lugha ya bodi, yapo madereva ya kuunganisha waya, ipo ya kusukuma programu ndani ya bodi, na kila moja ina toleo lake inalolitaka na jingine isilotaka hata kulisikia. Kuziweka pamoja ni kama kuwapa wake wenza jiko moja. Kwa hiyo Amondi akatengeneza kisakinishi, programu moja ambayo ukiibonyeza inazipanga hizo nyingine zote, kila moja mahali pake, wewe ukaendelee na chai yako. Cha kwanza kilikuwa kinavuta vitu kutoka mtandaoni. Kilikuwa kizuri sana, ila ofisi ya Merigi haina mtandao. Akakifumua, akafungasha kila kitu ndani, hata programu yenyewe ya tangi, akakijaribu kwenye kompyuta yake mara nyingi kikafaulu kila mara. Kwenye kompyuta ya mtu mwingine kilikuwa hakijawahi kuwashwa hata siku moja.

Na kila fundi anajua kwamba kitu kinachofanya kazi kwako ni nusu ya kitu.

Baba yake, mzee Obiero, aliingia na birika akamimina vikombe viwili. Hakuuliza. Ukuta wa nyumba yao ulikuwa mwembamba, naye alikuwa ameshasikia. Obiero alitoka upande wa ziwa akiwa kijana, akafanya kazi kwenye boila za kiwanda cha chai mpaka alipostaafu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na yeye jembe alilishika kwa miaka mingi, lakini moyoni hakuacha kujihesabu mgeni. Mwaka ule wa fujo za uchaguzi walilala uwanja wa kanisa, yeye, mkewe na Amondi mdogo, na waliporudi nyumbani hakuna aliyewafukuza wala aliyewapa pole. Tangu hapo alimfundisha binti yake neno moja, akalirudia hadi likamwingia kwenye mifupa: cha wenyeji kikivunjika mkononi mwako, wao hawatasema kimevunjika, watasema umekivunja. Alipopata habari kwamba Amondi ameng'oa swichi ya Merigi, hakulala vizuri.

Sasa alikaa kwenye kigoda chake, kikombe mkononi, akamwangalia.

Amondi akamwongoza Kipkurui kwa simu. Chomeka flash. Fungua. Bonyeza mara mbili. Kipkurui akasema kimefunguka, kina rangi ya kijani, kinapendeza, na Amondi akavuta pumzi ya kwanza tangu aamke. Akamwambia abonyeze kitufe cha kuendelea.

"Umebonyeza?"

"Hapana. Hii page iko na maneno mingi."

Ulikuwa ukurasa wa masharti. Dunia nzima huubonyeza ukurasa huo bila kuusoma, Amondi mwenyewe akiwemo. Lakini akitaka kazi yake ionekane ya heshima, alikuwa ameyatafsiri masharti yale kwa Kiswahili cha kuvaa suti, na mwisho, karibu na kisanduku cha kuweka alama, akaongeza sentensi yake mwenyewe: "Nakubali masharti haya kwa niaba ya wanachama wote." Aliipenda sana siku alipoiandika.

Akamwambia Kipkurui aweke alama tu, ni utaratibu, hauna maana.

"Siwezi, dada," Kipkurui akajibu kwa upole uleule ambao angemkatalia nao mtu kumkopesha mke. "Hii imeandika wanachama wote. Mimi ni mmoja."

Amondi akajua mara moja amejifunga kamba mwenyewe. Watu wa Merigi walishaumwa na nyoka, wakiona unyasi hushtuka. Zamani kidogo karani wao mmoja alitia sahihi kwa niaba ya wote, na kesho yake ikaletwa mashine ya kuchanganya chakula cha ng'ombe ambayo hakuna aliyeiagiza. Inaota kutu nyuma ya ofisi hadi leo, kuku wanatagia ndani. Baada ya hapo waliwekeana sharti: hakuna atakayekubali lolote kwa niaba ya wote mpaka lisomwe mbele yao, kwa sauti, na wanyooshe mikono. Amondi alilijua sharti hilo. Hata alilicheka.

Akaomba, akabembeleza, akapandisha sauti kidogo kisha akaishusha. Kipkurui alikuwa ameshaweka simu mezani na kwenda kumwita mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuwa Rebeccah, mama wa makamo na mtu wa kanisa, asiye na haraka na jambo lolote duniani. Kwa bahati wengi walikuwa bado uwanjani, wameketi juu ya mikebe yao wakisubiri habari ya tangi. Amondi alisikia mikebe ikiburutwa kuingia ofisini. Akasikia maombi, mafupi kwa kipimo cha Merigi lakini marefu kwa kipimo cha maziwa. Kisha akasikia Kiswahili chake cha suti kikisomwa sentensi kwa sentensi, na mtu akikigeuza kwa Kipsigis kwa ajili ya wazee. Damu ilimchemka. Angeweza kuifuta sentensi ile kwa kidole kimoja siku yoyote kabla hajawaachia flash. Obiero alikuwa ameacha kunywa chai.

Wakafika pale panaposema kwamba programu inatolewa kama ilivyo, na kwamba aliyeitengeneza hatawajibika kwa hasara yoyote. Halafu Rebeccah akaisogelea simu.

"Amondi, mama. Umesikia tukisoma?"

"Nimesikia, mama mwenyekiti."

"Hapa unasema ikiharibu kitu, wewe haumo. Sasa sisi tunataka kujua. Hii maziwa ikimwagika leo, nani atajibu?"

Jibu la mtaalamu lilikuwepo, na Amondi alikuwa nalo ulimini: kwamba maneno yale ni ya kawaida, yapo kwenye kila programu, kwamba hata radi si yeye aliyeituma. Alimtazama baba yake. Obiero alikuwa akitikisa kichwa polepole, akimsihi kwa macho asijitie kitanzi. Lakini alikumbuka ile swichi na jinsi alivyoitupa huku akiringa.

"Mimi," akasema. "Nitajibu mimi."

Obiero akaweka kikombe chini. Upande wa pili kulikuwa na minong'ono, kisha simu ikakatika.

Alipopiga tena, hakupatikana mtu. Akapiga tena na tena. Akasimama, akaketi, akaenda dirishani. Nje wachumaji majani chai walikuwa wanapita na vikapu mgongoni wakicheka jambo lao, na Amondi aliwaonea wivu kwa sababu hakuna aliyekuwa akiwauliza kitu. Alianza kupanga maneno ya kusema atakapokwenda kusimama mbele ya watu wale. Alijaribu pia kufikiri nani angesimama naye, akaona hakuna.

Simu ikalia. Alikuwa Kipkurui, anahema.

"Wamenyoosha mkono. Nimebonyeza. Inakula."

"Imefika wapi?"

Mstari wa kijani ulikuwa umefika katikati, ukasimama. Amondi akafumba macho. Akauliza kama kompyuta inafanya kelele. Kipkurui akasema inapiga kelele kama ng'ombe mwenye gesi. Hapo Amondi akaelewa: ni programu ya kukinga virusi, inafungua kila faili dogo na kulikagua, na mafaili madogo yalikuwa maelfu. Kompyuta yake mwenyewe haikuwa na kinga ya namna hiyo, ndiyo maana hakuwahi kuliona jambo hilo. Akamwambia asiguse kitu, hata kipanya asikisogeze. Kipkurui alikuwa mtu sahihi wa kuambiwa asiguse kitu. Wakakaa hivyo, mmoja Merigi, mmoja Litein, wanasikiliza feni ya kompyuta kwenye simu.

"Imesonga," Kipkurui akasema mwishowe. "Imesonga tena. Sasa inasema tayari."

Yaliyobaki yalikwenda kama yalivyoandikwa. Waya ukachomekwa, kompyuta ikaitambua bodi, programu ikaingia, taa ikapepesa. Kipkurui akaipeleka bodi kwenye boksi la tangi, simu ikiwa mfukoni mwa shati, na kwa muda Amondi hakusikia chochote ila kitambaa kikisuguana. Halafu ukaja muungurumo mzito, wa chini, usiokatika. Obiero ndiye aliyeutambua kwanza, maana masikio yake yalizeekea kwenye mitambo.

"Hiyo imeshika," akasema.

Amondi akaketi sakafuni palepale. Alitaka kucheka, kikatoka kitu kingine kisichokuwa kicheko. Aliona raha mwili mzima, raha ya mtu aliyetua mzigo wa kuni baada ya mlima, na hakuona aibu kuionyesha. Baba yake alimwachia akae hivyo, akampashia chai upya.

Mchana Rebeccah alipiga mwenyewe. Alisalimu kwanza, akauliza habari za mzee, za nyumba, za mvua ya Litein, na Amondi akajibu zote bila haraka, kwa kuwa sasa haraka ilikuwa imekwisha duniani. Lori limekuja, Rebeccah akasema. Dereva amepima, amechukua yote. Kongoi sana, asante. Kisha akaomba kitu kimoja: ile sentensi ya mwisho ibaki kama ilivyo, watu wameipenda.

"Na kuna ingine," akaongeza. "Ile wakati ulisema utajibu wewe. Watu walikataa."

Amondi hakuelewa. Akauliza walikataa nini.

"Walikataa ujibu peke yako. Mzee mmoja alisema, kama tunanyoosha mkono kwa niaba ya wote, basi ni wote. Tukaelewana hivyo: ikiharibika, kila mtu amwage yake na abebe hasara yake, na hakuna mtu atapita kwa mlango ya Obiero kuuliza kitu. Ndio tukanyoosha mkono. Nilitaka kukuambia lakini simu ya Kipkurui ilikuwa imezima, ikabidi atafutiwe chaji."

Simu ilipokatwa, Amondi alimweleza baba yake neno kwa neno. Obiero aliomba ayarudie. Akayarudia, na alipofika penye jina lake mzee aligeuza uso kuelekea ukutani.

"Nyara," akasema, yaani "binti yangu" kwa lugha ya nyumbani kwao. "Hayo waliyasema baada ya mashine kuwaka?"

"Kabla, baba," Amondi akamjibu. "Maziwa yakiwa bado na joto."