Kuulizwa Mara Tatu

Ardis Fossum hakutulia kitini tangu walipotoka Grenvik. Alifungua mkoba, akaufunga. Alipandisha joto la gari, akalishusha. Theluji nyepesi ilikuwa ikipeperuka juu ya lami, na kila lori la nafaka lililopishana nao lilimfanya akanyage breki ambayo upande wake haikuwapo.

"Ardis, dereva ni mimi," alisema Delmar Weisz. "Ukikanyaga tena utanitobolea gari."

"Basi endesha kama mtu mwenye haraka."

"Kikao ni mchana, mama. Jua lenyewe bado linapiga miayo."

Walikuwa wakienda Bismarck, kwenye bunge la jimbo, kuutetea muswada wa kuzipa fedha za nyongeza shule ndogo za mashambani zilizo mbali na kila kitu. Baraza la Wawakilishi lilikwisha kuupitisha na gavana alikwisha kusema atautia saini. Kilichobaki ni Seneti. Ardis alikuwa mwenyekiti wa bodi ya shule ya Grenvik. Delmar, mfugaji wa ng'ombe, alikuwa mjumbe wake na mtani wake wa tangu utotoni.

Bodi ilikuwa imekubaliana kwamba muswada ukianguka, shule itafungwa Juni. Ardis mwenyewe ndiye aliyegonga meza kuupitisha uamuzi huo, kisha akaenda nyumbani, chakula kikamshinda. Mjukuu wake Signe alikuwa ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza. Angepelekwa Harlow, saa moja na nusu ndani ya basi, kwenda gizani na kurudi gizani, kwenye barabara ambayo kila majira ya baridi humeza gari la mtu.

"Turudie," Ardis alisema. "Wakikuuliza kama tuna shida, unajibu nini?"

"Tuna shida."

"Usiongeze 'kidogo'. Usiseme 'tutaona'."

"Jihubirie mwenyewe! Nyinyi Wanorwei hata mkizama ziwani, mtu akiwauliza kama mnataka kamba, mtasema maji si mengi sana."

"Na nyinyi Wajerumani mtauliza kwanza kamba ni bei gani."

Delmar alicheka mpaka gari likayumba. Ardis hakucheka, maana alijua kidonda kimeguswa. Kwao Grenvik, mji ulioanzishwa na wahamiaji Wanorwei, ukimkaribisha mtu kahawa atakataa. Mkaribishe tena, atakuambia usijisumbue. Mara ya tatu atasema haya, nusu kikombe basi, na hapo atamaliza birika zima. Anayekubali mara ya kwanza huonekana hakulelewa, na anayelia shida mbele za watu, hata kanisani watu huacha nafasi pembeni yake. Mwaka ule mvua ya mawe ilipofyeka ngano yote ya kina Fossum, Ardis alimwambia mchungaji kwamba safari hii angalau kazi ya kuvuna itakuwa nyepesi.

Kwenye chumba cha kamati ya Seneti alisoma maelezo yake bila kukwama: umbali, barabara, mwalimu mkuu anayefundisha hesabu na kuendesha basi. Maseneta walisikiliza. Delmar, nyuma yake, alianza kupumua vizuri. Kisha Seneta Whitcomb, mtu wa mjini, mpole wa sura na wa sauti, akaegemea mbele.

"Bi Fossum, mmefanya makubwa kwa kidogo mlichonacho. Niambie ukweli. Fedha hizi zisipopatikana, mtamudu?"

Neno lilikuwa tayari ulimini. Lakini watu wote walikuwa wakimtazama, wageni waliovaa vizuri, na swali lenyewe limeulizwa kwa upole ule ule ambao mtu hutumia kumsogezea mgeni sahani ya keki.

"Aa, tutajikongoja," Ardis alisema. "Hatulalamiki. Wapo wenye hali mbaya kuliko sisi."

"Nashukuru," Whitcomb alisema. Akaandika kitu, na hakuuliza tena.

Delmar alijifunika uso kwa kofia yake. Ardis alirudi kitini masikio yakimwaka moto. Alinyoosha mkono aongee tena, mwenyekiti akamwambia kwa heshima kwamba shahidi husimama mara moja tu. Mficha uchi hazai, nao Wanorwei wa Grenvik wameuficha wao vizazi na vizazi kisha wanashangaa madarasa yanabaki matupu.

Kamati ilipiga kura alasiri ile ile. Whitcomb alisema anaziheshimu sana jamii hizi, ila zenyewe zimekiri kwamba zitajimudu, na ndiye aliyetoa hoja ya kuukataa. Hoja ikapita.

Ukumbini nje, Ardis alitembea mpaka dirishani, akarudi, akaenda tena.

"Kaa basi, unanitia kizunguzungu," Delmar alisema. "Haujafa. Katika jimbo hili muswada hauzikwi na kamati, sharti Seneti nzima iupigie kura. Kesho asubuhi."

"Kwa pendekezo la kuukataa! Kwa maneno yangu mimi, Delmar! Nimemfungia mtoto yule shule kwa mdomo wangu mwenyewe!"

Delmar alifungua kinywa amtanie, akaona macho yake, akamsogezea kiti.

Whitcomb alikuwa amesimama kwenye meza ya kahawa karibu na lifti. Ardis alimwendea kabla hajajipangia la kusema.

"Bi Fossum! Safari yenu ni ndefu. Nikumiminie kahawa?"

"Hapana, asante, usijisumbue."

"Haya," alisema Whitcomb. Akarudisha kikombe na kugeukia lifti, hana hili wala lile.

Ardis alikitazama kikombe kile kitupu. Huyu bwana hana ubaya wowote, aliwaza. Ukimwambia hapana, yeye husikia hapana.

"Seneta, rudi! Kahawa naitaka."

Whitcomb aligeuka.

"Naitaka tangu asubuhi. Kule kwetu mtu huulizwa mara tatu, na wewe uliniuliza mara moja. Mle ndani nilikudanganya."

"Ulinidanganya?"

"Hatutamudu. Juni tunafunga. Mjukuu wangu ana miaka sita, na wewe hujawahi kuiona barabara ya Harlow ikifunikwa na dhoruba." Sauti ilianza kumtetemeka, akaiacha itetemeke. "Tunazihitaji hizo fedha. Nakuomba."

Neno hilo la mwisho hakuwahi kumwambia mtu, Mungu tu, na hata Mungu kwa nadra. Aliona aibu mpaka miguuni. Whitcomb hakumwahidi lolote. Alimimina kahawa, akampa kwa mikono miwili, akasimama naye mpaka alipoimaliza.

Asubuhi walikuwa juu kwenye roshani ya wageni, Ardis akiisokota glavu kama anayeikamua. Whitcomb alisimama kutoa taarifa ya kamati.

"Kamati inapendekeza muswada ukataliwe," alisema. "Hoja ilikuwa yangu. Nimekuja kugundua kwamba niliuliza swali mara moja kwa watu wanaopaswa kuulizwa mara tatu. Jana jioni nilipata jibu kamili, na mimi nitapiga kura ya ndiyo."

Kengele ikalia. Taa zikaanza kuwaka ukutani kando ya majina, nyekundu, kijani, kijani, nyekundu. Delmar alikuwa akihesabu kwa midomo. Ardis hakuweza kutazama. Alitazama kofia ya Delmar, mpaka kofia hiyo ikaruka hewani.

Walitoka hadi koridoni, Ardis akampigia simu mkwewe, mama yake Signe.

"Mama? Vipi huko?"

Machozi yalikuwa yakimtiririka Ardis waziwazi, mbele za watu.

"Si vibaya sana," alisema.

Kule upande wa pili mkwewe, mzaliwa wa Grenvik, alipiga kelele za furaha.