Nyota za Saluni

Wateja wake walisema Msusi ana mikono miwili na midomo kumi, na yeye hakuwahi kukataa. Kichwa cha mtu kikiwa katikati ya magoti yake, aliweza kusuka, kusengenya, kushika simu kwa bega na kumkemea binti yake aliyeko nje, yote kwa pumzi moja. Binti mwenyewe alikuwa darasa la nne, na nyumbani aliitwa Chiriku, maana tangu alipojua kusema hakuwahi kujua kunyamaza. Maji hufuata mkondo.

Shule ya Chiriku ilipata kompyuta. Zikapangwa kwenye ukumbi wa nyuma, uliokuwa stoo ya madawati mabovu, na kila siku baada ya kengele ya mwisho watoto walioandikishwa walibaki huko mpaka wazazi watoke kazini. Walijifunza hesabu na kusoma kwa programu moja yenye kasuku wa kijani. Ukipatia, kasuku anapiga mluzi na kukupa nyota. Ukipatia mfululizo, anakupandisha ngazi, maswali yanakuwa magumu. Ukikosa, anakuna kichwa, anakunyang'anya nyota moja, halafu anakuletea swali jepesi kidogo. Ukutani waliweka televisheni iliyoonyesha nyota za kila mtoto, ili wazazi wakija kuchukua watoto waone wenyewe. Aliyebuni jambo hilo hakuwa na jirani, bila shaka.

Msusi alikuwa naye. Mlango wa pili kutoka saluni alikaa Fundi, mwanamke mshonaji wa nguo, na mwanawe ambaye mtaa mzima ulimwita Profesa kwa ajili ya miwani yake. Profesa ndiye aliyekuwa juu kabisa ya ile televisheni, wiki nenda wiki rudi. Fundi hakuringa kwa kusema. Aliringa kwa kuuliza.

"Jirani, Chiriku wako yuko wa ngapi siku hizi?" angeuliza huku akitia uzi kwenye sindano, kama vile hajui.

"Anaendelea vizuri," Msusi angejibu, na moyoni anachemka.

Chiriku alikuwa katikati, na hakujali hata kidogo. Alilipenda darasa la jioni kuliko kitu chochote. Alirudi akikimbia mbele ya mama yake, akasimama katikati ya saluni na begi mgongoni, akaanza: kasuku kafanya hivi, mwenzangu kasema vile, nimekosa swali la sehemu, nikaletewa jingine...

"Umekosa tena?" Msusi aliuliza.

"Nimekosa, halafu nikajua kwa nini!"

Msusi alisikia nusu ya kwanza tu. Masikio yake yalikuwa mlango wa pili.

Sasa, programu ile ilifunguka pia kwenye simu, kwa ajili ya kazi za nyumbani, na simu ya nyumbani ilikuwa ya Msusi. Jumamosi moja Chiriku alikuwa uani anafua taulo za saluni, simu ikapiga mluzi juu ya meza. Mikono ya Msusi ilikuwa imejaa mafuta. Aliyekuwa karibu ni Nesi, mteja wa siku nyingi, amekaa chini ya mashine ya kukaushia nywele hana la kufanya. Akaichukua simu.

"Kasuku anauliza," alisema. "Mama ana mayai ishirini na manne. Ametumia robo tatu. Yamebaki mangapi?"

"Ametumia robo tatu kumpikia nani?" akadakia Muuza Vitambaa, aliyekuwa anasukwa. "Mayai yote hayo! Huyo ana wageni au ana mume asiyefanya kazi."

"Sita," alisema Nesi, na kabla Msusi hajasema lolote, akabonyeza.

Kasuku akapiga mluzi. Nyota ikaruka kwenye kioo ikimeta, na wanawake watatu watu wazima wakashangilia kama wamepewa pipi. Msusi alijua kabisa kwamba ilimpasa aseme, "Iweke chini hiyo simu, ni kazi ya mtoto." Alifungua kinywa aseme hivyo. Kilichotoka kilikuwa, "Haya, soma la pili."

Mwonja asali haonji mara moja. Jumamosi iliyofuata wateja walifika mapema. Katikati ya wiki, wengine walipita bila hata nywele za kusuka, wanauliza tu kasuku ameleta nini leo. Kulikuwa na hadithi ya sungura na fisi, na swali: kwa nini fisi alikubali kuingia shimoni? Saluni ikagawanyika. Muuza Vitambaa alishikilia kwamba fisi aliingia kwa sababu ya tamaa, na akatoa mfano wa mume wake wa kwanza, mfano mrefu, mpaka nywele za mtu zikakauka kupita kiasi. Jibu lilikuwa tamaa kweli. Nyota nyingine hiyo.

Chiriku akapandishwa ngazi ya tano, kisha ya sita. Ya saba ilileta swali la matangi na mabomba, mojawapo linajaza na jingine linavuja, na hilo liliwashinda wote, ikabidi Muuza Vitambaa ampigie mume wake wa sasa, ambaye ni fundi bomba. Naye akauliza kwanza kwa nini bomba linalovuja halijafungwa. Wakamwambia ajibu tu.

Jioni ile jina la Chiriku lilikuwa juu kabisa ya televisheni, na la Profesa chini yake. Msusi alipita mbele ya duka la Fundi taratibu, kisha akakumbuka kitu, akarudi, akapita tena.

"Jirani," aliita, sauti tamu, "Profesa wetu yuko wa ngapi siku hizi?"

Fundi akajichoma sindano. Msusi alifurahi mpaka akamsuka mteja wa mwisho bure, jambo ambalo halikuwahi kutokea na, nadhani, halitatokea.

Ila kuna mtu mmoja ambaye hakushangilia. Chiriku alianza kurudi kutoka darasa la jioni bila kukimbia. Begi likawekwa pembeni kimyakimya. Ukimuuliza leo mmefanya nini, anasema, "Kawaida." Mara akaumwa tumbo saa za kengele ya mwisho, akarudishwa nyumbani. Mara akaomba asibaki shule jioni, aje saluni afue taulo. Mtoto gani anaomba kufua taulo? Mama yoyote angeshtuka. Msusi alimpa maji ya moto anywe na kumwambia tumbo litapoa.

Ndipo Mwalimu wa kompyuta, kijana mpole aliyependa kusema "sivyo?" mwishoni mwa kila sentensi, akaja saluni mwenyewe. Siku ya wazazi ilikuwa kesho. Angekuja mkaguzi wa elimu kuona kama darasa la jioni lina faida. Mtoto mmoja angekaa mbele, ajibu maswali ya ngazi yake, ukumbi mzima ukiangalia ukutani.

"Na tumemchagua Chiriku," alisema. "Darasani huwa hajibu sana, nadhani anapenda kufanyia nyumbani kwenye utulivu, sivyo?"

Utulivu! Nesi alilazimika kuangalia dari.

Mwalimu alipoondoka, Msusi alimketisha binti yake amsuke kwa ajili ya kesho. Alikuwa akiimba. Alipofika kisogoni akahisi mabega ya mtoto yanatetemeka chini ya vidole vyake.

"Nakuvuta?"

"Hapana." Chiriku alisema akiwa ameangalia ukuta. "Mama, mimi maswali yale siyajui. Hata swali lenyewe silielewi."

"Si ungemwambia kasuku? Ungekosa tu, akakushusha."

"Nikikosa nyota zinapungua. Ukija kunichukua unaangalia televisheni kwanza, kabla ya kuniangalia mimi. Kwa hiyo huwa sibonyezi. Nakaa tu mpaka uje."

Msusi alishika lile fungu la nywele asijue alisuke au aliachie. Iliuma. Iliuma kuliko maneno yote aliyowahi kuambiwa na Fundi. Hapo ndipo mtu mwenye akili angeenda kumtafuta Mwalimu amweleze ukweli. Lakini aibu ni kitu kizito, na kesho kulikuwa na mkaguzi, na Fundi angekaa mstari wa mbele. Msusi akafanya wanachofanya watu walionaswa: akatafuta ujanja wa pili wa kuuficha wa kwanza. Aliwaita Nesi na Muuza Vitambaa. Kila swali la kasuku lilikuwa na majibu manne ya kuchagua. Wangekaa nyuma ya ukumbi na kukohoa. Kikohozi kimoja, jibu la kwanza. Viwili, la pili.

"Umeelewa, mwanangu?"

"Sawa, mama," alisema Chiriku.

Ukumbi ulijaa. Mkaguzi alikuwa mzee mwenye tai na chupa ya maji mbele yake. Chiriku alikalishwa kwenye kompyuta ya mbele, miguu haifiki sakafuni, na swali likatokea ukutani, kubwa kama shuka. Lilikuwa la matangi tena.

Nesi akakohoa mara mbili, kwa heshima. Muuza Vitambaa akamtazama kwa mshangao, maana yeye aliona jibu ni la tatu, akakohoa mara tatu. Nesi akarudia mbili, kwa nguvu zaidi. Muuza Vitambaa akajibu mapigo. Watu wakaanza kugeuka. Mzazi mmoja akasogeza kiti chake mbali, na mkaguzi, mtu wa huruma, akainuka na kuwapelekea chupa yake ya maji.

"Poleni, mama zangu," alisema. "Vumbi la humu, sivyo, Mwalimu?"

Chiriku hakuwasikiliza wakohozi. Mkono wake ulikuwa juu ya kipanya, hausogei, na alikuwa amegeuza shingo anamtazama mama yake. Msusi aliyajua macho yale. Yalikuwa yanaomba ruhusa ya kukosa, mbele za watu, na mtoto wa miaka ile hakupaswa kuiomba kwa mtu.

Msusi akasimama. Kwa mara ya kwanza midomo yake kumi ilipotea, akabaki na mmoja, nao umekauka.

"Mwalimu, subiri. Nyota hizo si za mtoto."

"Si za mtoto?"

"Ni zangu. Na za huyo anayekohoa, na huyo mwingine anayekohoa. Nyingine ni za fundi bomba. Mtoto alikuwa anafua taulo. Mimi ndiye niliyetaka kuwa wa kwanza. Mshushe. Mrudishe anapostahili, afundishwe."

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele. Msusi alisimama nacho, masikio yanawaka moto, hakukaa. Mwalimu alikuna kichwa sawasawa na kasuku wake.

"Naweza kumwanzisha upya, mama, kasuku ampime kutoka mwanzo. Lakini nyota zote zitafutika. Zote."

"Futa."

Mwalimu akabonyeza. Kwenye televisheni jina la Chiriku likaporomoka kutoka juu hadi chini kabisa, na la Profesa likapanda mahali pake. Fundi akapiga makofi mawili yenye furaha isiyofichika. Kofi la tatu halikufika, kwa sababu Profesa alikuwa amemshika gauni.

"Mama," aliuliza, kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia, "na mimi je, tutafuta lini?"

Wazazi kadhaa wakapata ghafla mambo ya kutafuta kwenye mikoba yao. Mkaguzi akavua miwani, akaifuta, akamwambia Mwalimu kwamba angependa sana kuendelea kuona.

Kasuku akaanza na vitu vidogo. Chiriku akajibu la kwanza bila hata kufikiri, mluzi, nyota. La pili, mluzi. La tatu akatulia, akahesabu kwa vidole, Nesi akakohoa kwa mazoea.

"Nyamaza wewe!" alifoka Msusi, na mkaguzi mwenyewe akashtuka.

Mluzi. Chiriku alikuwa amesogea mbele sasa, ulimi uko pembeni ya mdomo, amesahau kuna watu. Likaja swali la sehemu. Akalisoma kwa sauti, akalisoma tena, akachagua, akabonyeza. Kasuku akakuna kichwa na kuchukua nyota moja.

Ukumbi ukaguna kwa kumhurumia. Chiriku akageuka kwenye kiti, meno yote nje.

"Mama, umeona? Hilo nimekosa mimi mwenyewe!"

Msusi akapiga makofi, peke yake ukumbi mzima, mpaka viganja vikamwasha.