Utomvu wa Papai

"Nilisema barua nimeificha, sikusema nimeichana," Belinda alinijibu, kana kwamba hiyo ni afadhali.

"Miezi mitano, Belinda!"

"Mama, harusi ilikuwa imekaribia. Ungeahirisha kila kitu."

"Ningeahirisha, ndiyo. Ningekatwa ziwa, ningepona, halafu ningecheza kwenye harusi yako na ziwa langu moja."

Barua niliikuta asubuhi ile chini ya kadi za harusi zilizobaki, katika sanduku aliloniachia alipoolewa. Iliandikwa na daktari wa Dar es Salaam aliyechukua kipande cha nyama kwenye ziwa langu mwezi wa kwanza. Aliituma kwa Belinda, kwa kuwa binti yangu ni nesi hapa Kibiti. Saratani ipo, iliandikwa, ila bado imo ndani ya ukuta wake. Mgonjwa afike katika wiki mbili. Mimi Belinda aliniambia, "Ni mafuta tu, Mama." Nikamkumbatia.

"Si imeandikwa imo ndani ya ukuta? Nikadhani itangoja."

"Nani aliyenisomea daftari lake la unesi mezani hapa? Chembe za saratani hutoa vimeng'enya, vikayeyusha ukuta unaozizuia, zikapita mpaka kwenye damu. Ulisema ni kama utomvu wa papai."

Akainama. Siku moja kabla ya harusi tulichinja ng'ombe mzee, nyama ngumu kama soli. Mimi, mwalimu wa sayansi kimu, ndiye niliyeipaka utomvu wa papai bichi. Baada ya saa mbili kidole kilipenya.

"Ulisimama pale ukiniangalia nikipaka."

"Nilikuja kukwambia, Mama. Ukaanza kuimba."

Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwapani, kwenye kitonge kilichotokea wiki iliyopita. Belinda aliuona ulipotua. Akaanza kulia.

"Nitakupeleka. Kesho naomba ruhusa."

"Hunipeleki."

Nikatoka uani. Jirani yangu, Bi Tabu, alikuwa akipepeta mchele.

"Bi Tabu, nisindikize hospitali Dar. Sasa hivi."

"Mwalimu, mie hata kusoma sijui! Huko nitakufaa nini?"

"Hapo hapo utanifaa. Barua zangu nitasoma mwenyewe."

Alicheka, kisha akauona uso wangu, akaweka ungo chini na kujitanda kanga. Basi la kutoka Utete kwenda Dar lilikuwa tayari linapiga honi barabarani. Belinda alitufuata, akanyoosha mkono anipokee mkoba. Nikauhamishia mkono wa pili, tukapanda.