Zamu ya Mkaza Mwana

Ngo. Ngo. Ngo.

Chuma juu ya chuma. Manasseh Ondieki aliijua sauti ile kuliko alivyoijua sauti ya koo lake. Ilikuwa sauti ya rimu ya lori iliyoning'inia kwenye lango la duka la vifaa vya ujenzi kule Keroka. Aliigonga kwa nondo kila alipomaliza kuuzunguka ukuta, ili tajiri wake, huko ndani ya blanketi, ajue kwamba soja, mlinzi wake wa usiku, yu macho. Basi Manasseh alifurahi. Mabati yako salama. Saruji iko salama. Akagonga tena kwa nguvu zaidi, na papo hapo moto ukamwakia kinenani, ukapanda tumboni, ukalichoma lango lote likatoweka.

Hapakuwa na lango. Palikuwa na jua la alasiri kwenye madirisha ya wodi ya wanaume, hospitali ya Nyamira. Mkononi hakuwa na nondo bali kikombe cha bati, na alichokuwa akikigonga ni chuma cha kitanda chake. Ilikuwa saa ya kuwaona wagonjwa. Watu waliokuja na ndizi na chupa za uji walikuwa wamesimama kimya, wakimkodolea macho. Shuka lilikuwa sakafuni. Gauni la hospitali lilikuwa limekunjamana kifuani, na chini ya kifua hakuwa na kitu ila bandeji.

Karibu na mlango, paji la uso likiwa limegandamizwa ukutani, alisimama Eucabeth, mke wa mwanawe Job.

"Nifunikeni," Manasseh alisema.

Hakuna aliyesogea. Ndipo Issack, muuza nguo wa Keroka aliyelala kitanda cha pili, akashuka polepole huku ameshika kidonda chake kwa kiganja, akaliokota shuka na kumfunika hadi kidevuni.

"Basi, mzee wangu. Basi. Mwizi ameshakimbia."

Mtu mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Eucabeth alitoka bila kugeuka.

Manasseh aliangalia dari. Kwao kuna heshima iitwayo chinsoni, nayo husimama kati ya baba na mke wa mwanawe kama ua wa miiba. Mkaza mwana haoni uchi wa mkwewe. Hamgusi. Haketi kitandani pake. Manasseh aliishika heshima hiyo tangu siku Eucabeth alipoletwa Magwagwa na Job; hata nyumbani alikohoa tangu kwenye migomba, ili ajue anakuja. Lakini Kwamboka, mkewe, alikuwa kaburini, na Job alikuwa mbali Narok akiendesha trekta la watu. Manasseh alipoambiwa apasuliwe henia, ni nani angemleta? Eucabeth alimleta. Nani angemwoshea vikombe? Eucabeth. Alipewa kiti cha plastiki kando ya kitanda, usiku na mchana, kwa maana kurudi Magwagwa na kuja tena kila siku kulimshinda.

Na mwanamume atalalaje, mdomo wazi, gauni likipanda, mkaza mwana wake ameketi hapo?

Kwa hiyo hakulala. Aliketi wima, mgongo kwenye mto, shuka limemzunguka kama askofu. Upasuaji ukaahirishwa, yeye akaketi. Ukaahirishwa tena, akaketi. Hakuona tabu. Alikuwa soja, kukesha kulikuwa kazi yake na fahari yake, na Keroka nzima hapakuwa na mtu aliyewahi kumkuta amesinzia. Alisahau kwamba siku za kazi alilala mchana, peke yake, mlango umefungwa kwa komeo. Issack, aliyelazwa kwa henia kama yake, alikuwa akikoroma hadi madirisha yanatetemeka, na Manasseh alimdharau. Analala kama gunia la mahindi, alijisemea. Hana watu wa kuwaheshimu?

Walipasuliwa siku moja, na daktari mmoja. Kesho yake Issack alikwenda msalani kwa miguu yake akiimba. Manasseh hakuweza hata kupiga chafya. Maumivu yalimtafuna kama mbwa aliyefungiwa ndani, na kila muuguzi alipompa dawa, mbwa alinyamaza kidogo kisha akaanza upya. Wala hapo hakulala. Kiti cha plastiki kilikuwa palepale.

Wageni walipoondoka, alimwita jirani yake.

"Issack. Nilisema nini?"

"Lini?"

"Usinifanye mtoto. Kabla hujanifunika."

Issack alijishughulisha na kukunja kikoi chake. "Ulisema mabati yaibiwa. Ulimtukana mwizi matusi mengine, wallahi, nimeyahifadhi nikayatumie sokoni."

"Na nini kingine?"

"Mzee, wacha."

"Na nini kingine?"

Issack akaacha kukunja. "Yule binti alikuja kukutuliza. Ukamwita Kwamboka. Ukafunua shuka." Alishusha sauti. "Ukamwambia aingie, kuna baridi."

Manasseh alijifunika shuka kichwani, na ndani ya giza lile jeupe masikio yake yakawaka. Alikwishafikisha umri wa kuheshimiwa bila kuomba. Alipotahiriwa alisimama kwenye baridi ya alfajiri, kisu kikapita, wala kope halikupepesa. Sasa alikuwa amepiga kelele mbele ya wageni, amejianika, amemwalika mke wa mwanawe kitandani. Angemtazama vipi Job? Angeyapokea vipi maji kutoka mkono ule?

Akaamua kwenda. Alishusha mguu mmoja, akashusha wa pili, akajisukuma. Maumivu yalimshika kiunoni na kumkunja kama karatasi. Akapiga yowe lililosikika hadi uani. Sista Mong'ina, muuguzi wa zamu, alikuja mbio, akamdaka makwapani.

"Baba Job! Unaenda wapi?"

"Nyumbani."

"Kwa miguu gani? Nyuzi zikikatika nitamwita nani?" Alimrudisha kitandani, akakagua bandeji, akahema. "Kidonda ni kizuri. Hakina usaha, hakijavimba. Lakini unaumwa kama uliyepasuliwa sasa hivi. Tangu uingie hapa umelala lini?"

Manasseh alitazama pembeni.

"Nakuuliza. Kila nikipita umeketi wima kama unasubiri gari."

"Mimi ni soja, sista."

"Na kichwa chako hakijui hilo. Mtu asipolala, maumivu madogo anayasikia makubwa, na dawa yangu haimshiki vizuri. Asipolala zaidi, baada ya kupasuliwa hivi, akili nayo inapotea njia. Anaona vitu visivyokuwepo. Anaita watu waliokufa. Nimewaona wengi, hata mchungaji mmoja. Yeye alituhubiria uchi." Alimpangusa jasho. "Dawa ninayo. Usingizi sina. Huo utoe wewe mwenyewe."

Alipokwenda, Manasseh alibaki na maneno yale. Ua alioulinda kwa macho yake mwenyewe ulikuwa umebomoka kwa sababu ya macho hayohayo. Angelala siku ya kwanza, mdomo wazi, angekoroma tu. Na nani hufa kwa kukoroma? Aibu ndogo aliikimbia, ikamleta mbio hadi kwenye kubwa.

Jua lilikuwa likishuka nyuma ya mashamba ya chai Eucabeth aliporudi. Alileta uji. Aliuweka juu ya meza bila kumtazama, akavua leso mabegani, akampa Issack.

"Kaka, nifungie hapa na pale."

Issack alifunga pindo moja kwenye mlingoti wa dripu, jingine kwenye chuma cha dirisha. Leso ikaning'inia kati ya kiti na kitanda. Eucabeth akakigeuza kiti, akaketi kuelekea mlango. Manasseh aliona kivuli cha mgongo wake tu, umenyooka.

"Tata," alisema kule upande wa pili, akimwita baba kwa lugha yao, "mimi nilitazama ukuta. Una ufa kama mto Gucha. Ukitaka nitakuchorea."

Manasseh aligeukia leso. "Na masikio?"

"Masikio yalisikia," Eucabeth alisema. "Niliona haya, Tata. Nilikwenda nyuma ya jiko la hospitali nikalia. Nilitaka kumpigia Job aje akuchukue, nisirudi tena. Kisha sista akaniambia ni kukosa usingizi, na kwamba unaona haya kulala mbele yangu. Nilidhani hulali kwa sababu huniamini. Kumbe ni mimi niliyekaa juu ya usingizi wako. Kwa nini hukusema? Ningekaa hata koridoni."

"Ningesemaje?"

"Kama ulivyosema leo. Kwa kinywa."

Kitandani mwake Issack alizika uso kwenye mto, mabega yakimtikisika. Hata Manasseh alihisi kicheko kikimjia, kikamchoma kidonda, akakishika.

"Mama Lavender," alisema, akimwita kwa jina la mjukuu wake. "Nimekukosea."

"Nipe kikombe."

"Kikombe?"

"Kile cha kugonga."

Alikipitisha chini ya leso, akahakikisha vidole havigusani. Kikombe kilikuwa kimebonyea ubavuni. Kule ng'ambo Eucabeth akakigonga mara moja kwa ukucha, polepole, ngo, sauti ndogo kama tone la maji.

"Hivyo ndivyo nitakavyofanya," alisema. "Nikiona kuko sawa, nagonga. Mtu yeyote hapiti hapa, shuka likianguka namwita Issack. Lakini na wewe uniahidi. Si kwa kutikisa kichwa, nataka kusikia."

Manasseh alijishusha kwenye mto, kidogo kidogo, mpaka mgongo wote ukawa umelala. Dari lilikuwa mbali kuliko alivyodhani.

Ngo.

"Nitalala, Mama Lavender," alisema kwa sauti, wodi nzima isikie. "Nakuahidi mbele ya watu hawa. Gonga tu. Sitaitika."