Tikiti Kumi Ndani ya Eda

Tatu alikuwa mwezi wa pili ndani ya eda mama mkwe wake, Bimdogo, alipomwambia waziwazi: "Ukitoka eda huna kazi ya kukulisha, mjukuu wangu nakwenda naye Kerege. Wewe rudi kwenu." Mjukuu mwenyewe, Fatu, alikuwa bado ananyonya.

Kushona Tatu alijua. Alichokosa ni cherehani. Na mwaka ule wa hamsini na mbili, duka jipya la nguo hapo Bagamoyo lilikuwa likichezesha bahati nasibu, zawadi yake cherehani. Sadallah, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye aliyekuwa akitembeza tikiti.

"Ziko ngapi, shemeji?" Tatu aliuliza, yeye ndani, Sadallah nje ya pazia.

"Mia tu. Wenzio wanachukua mojamoja. Wewe chukua kumi, nani atakufikia?"

Tatu akampitishia chini ya pazia herini za dhahabu, alizozivua siku alipofiwa. Sadallah akaenda kuziuza, akaleta tikiti kumi.

Jirani yake Mina, aliyekuwa akisoma masomo ya jioni, hakumcheka. Alihesabu kunde tisini ndani ya ungo, akachanganya na karafuu kumi. "Fumba macho, toa moja."

Tatu akatoa kunde. Akairudisha, akatoa kunde tena. Alijaribu mpaka ikaja karafuu, akaibusu.

"Mwenye moja umemzidi mara kumi, kweli," Mina alisema. "Lakini siku yenyewe mkono utaingia mara moja tu, bibi wee. Na kunde ndizo nyingi."

"Kumi si haba. Eti, mwanangu?" Fatu akamchekea kwa fizi.

Baada ya siku chache Sadallah alirudi na bashasha. "Shemeji, una nyota! Nilipowaambia watu hata mjane wa eda kachukua kumi, wamezigombania! Wenye duka wameongeza nyingine, mpaka Mapinga zimefika. Mia tano, zote zimekwisha!"

Mina akauchukua tena ungo wake. Alimimina kunde mpaka ungo ukajaa, akautikisa. Karafuu zilikuwa zilezile kumi. Tatu alizitafuta kwa macho, asizione.

"Fedha zangu nirudishie, shemeji."

"Tikiti hairudi, mke wa kaka. Unayo bahati, kaa nayo."

Jumamosi cherehani ikaenda kwa mpishi mmoja wa Mapinga. Alikuwa na tikiti moja.

Jioni ileile Bimdogo aliingia bila hodi, Sadallah akabaki nje ya pazia.

"Shikamoo, mama."

Hakuitika. "Mji mzima unasema. Mwanangu hata udongo haujamkauka, mkewe anacheza kamari!"

"Nilitaka cherehani, mama, nimlee Fatu."

"Umlee kwa haramu? Ningengoja utoke eda. Sasa singoji."

"Muulize Sadallah! Yeye ndiye aliyeniletea!"

Sadallah, aliyekwisha kupewa fungu lake dukani kwa kila tikiti aliyouza, alijibu kutoka nje ya pazia. "Mimi mwuzaji tu, mama. Sikumshika mtu mkono."

"Lete mtoto," alisema Bimdogo.

"Anyonye kwanza."

Bimdogo akakaa kitako, akangoja. Tatu akamnyonyesha Fatu ziwa la kulia, akamhamishia la kushoto, kisha akamrudisha la kulia. Maziwa yakawa yanamtiririka mtoto shavuni, hayamezi.

"Ameshalala huyo," Bimdogo akasema, akanyoosha mikono.