Mtoto Aliyefia Kwenye Barua

Barua zilifika Bukavu kwa ndege ndogo ya Jumanne, zimefungwa vizuri kwenye maboksi mawili, na Adélaïde Nsimire akaambiwa azipange mezani kwa ajili ya mkutano. Karatasi nzito, laini, inayong'aa. Walimu wa mji mzima siku zile walikuwa wakiandikisha watoto mitihani nyuma ya makaratasi yaliyokwisha kutumika, lakini shirika la misaada alilolifanyia kazi lilikuwa na karatasi ya namna hiyo ya kuombea pesa. Na kwenye ukurasa wa mbele alikuwapo Bintu.

Adélaïde alimtambua papo hapo. Ni yule mama wa Mwenga waliyemkuta kwenye parokia ya Mumosho mwaka uliopita, vita ya pili imepamba moto, miguu imemvimba kwa kutembea msituni. Pembeni ya picha wameandika Kifaransa kikubwa cha kuwaliza mabibi wa Ulaya kabla hawajamaliza kahawa yao: Bintu alimzika binti yake kando ya njia, kwa mikono yake mwenyewe. Toa leo, mtoto mwingine asife.

Adélaïde akavuta kiti akakaa. Alimzika nani?

Maana siku ile mkalimani alikuwa yeye, si mtu mwingine. Bintu alisema, "Mutoto alinipotea mu njia." Mtu yeyote wa Kivu, hata akiwa amelewa, anajua maana yake: walikimbia risasi, watu wakatawanyika gizani, mkono wa mtoto ukamponyoka, kulipokucha hakumwona. Amepotea, anatafutwa. Adélaïde akageuza neno kwa neno, *elle a perdu son enfant*, na kwa Kifaransa mama akimpoteza mtoto namna hiyo, watu wanajua amekwisha kumzika. Madame Sophie, mkubwa wa shirika pale mjini, alijaa machozi, kalamu ikaanza kukimbia. Adélaïde aliyaona yale machozi, akajua neno limeangukia pabaya. Angesahihisha. Hakusahihisha. Jua lilikuwa kali, gari la jipu la shirika lilikuwa linanguruma, na mwalimu wa zamani ambaye serikali haijamlipa miaka na miaka hamkatizi bosi wake kwa ajili ya kitenzi.

Hilo la neno, haya, tuseme lilikuwa kosa. La nguo halikuwa kosa. Bintu alikuwa ameazima kikwembe kipya kwa mke wa katekista ili awapokee wageni kwa heshima, kama mtu aliyelelewa. Sophie akauliza, tena kwa upole wote, kama hana kingine kilichochakaa kidogo. Adélaïde akatafsiri. Bintu akaenda nyuma ya jikoni akarudi na matambara yake ya msituni, macho chini kwa aibu, na ile aibu ndiyo iliyopigwa picha ikaitwa msiba.

Basi pesa zikaja, na mji mzima ukajua zimekuja, maana pesa za namna hiyo hazifichiki. Shirika likahamia nyumba ya mtaa wa Muhumba yenye bustani inayoshuka mpaka ziwani. Ikaja jenereta ya kuwasha mtaa, ikawa inawasha friji mbili. Yakaja majipu meupe ambayo Jumamosi yalipanda kwenda kutafuta jibini. Zikafanyika warsha hotelini, wakubwa wakala brosheti na kupokea perdiem kwa kufundishwa jinsi maskini wanavyopaswa kunawa mikono. Mabango yakasimikwa mpaka kwenye chemchemi zisizojengwa bado, bango limetangulia, maji eti yatafuata. Na Mumosho yenyewe, alikopigwa picha yule mama? Walipelekewa sabuni, kipande kimoja kwa nyumba, na kila aliyepokea akapigwa foto akiwa ameinua kipande chake juu. Inachefua, na Adélaïde ilikuwa inamchefua, lakini mwisho wa mwezi alikuwa anapokea, na nyumbani kwake Kadutu walikuwa wanakula watu tisa.

Miezi michache baada ya barua kufika, mlinzi akamwita getini. Kuna mama anamwulizia kwa jina.

Alikuwa Bintu. Mgongoni amembeba mtoto mkubwa, wa miaka saba hivi, miguu inaning'inia. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Maman Adélaïde, njo huyu! Emmanuella yangu. Ameonekana."

Hadithi yake aliitoa harakaharaka, pale pale kwenye jua. Wachimba dhahabu wa upande wa Shabunda walimkuta mtoto korongoni, mguu umevunjika. Wakamfunga vijiti, wakamlisha miezi na miezi walichokuwa nacho, na njia ilipofunguka kidogo mmoja wao akamtia mgongoni akaja naye hadi Bukavu, akawa anauliza parokia kwa parokia mpaka akampata mama yake. Watu wa mashimoni hao, hawana bango wala jipu, na hakuna aliyewapiga picha. Kisha Bintu akafunua kitambaa. Harufu ilimfika Adélaïde kabla macho hayajaona. Mfupa ulikuwa umeoza ndani, usaha unatoka kwenye matundu mawili chini ya goti. Daktari alikwisha kusema: apasuliwe, mfupa usafishwe ndani ya wiki mbili, au mguu ukatwe. Hospitali inataka pesa ya kuanzia, na Bintu hana hata ya chumvi. Amesikia shirika linalipia watoto walioumizwa na vita. Ndiyo maana amekuja.

Adélaïde alipanda ngazi mbiombio, mwanamke wa miaka arobaini, viatu mkononi. Mtoto aliyeliliwa na nusu ya Ulaya yuko hai, yuko getini! Alidhani watu watapiga vigelegele.

Sophie alimsikiliza mpaka mwisho. Akafunga mlango. Akauliza, "Nani mwingine anajua?"

Akaitwa Jean-Baptiste, msimamizi wa pesa na makaratasi, mtoto wa mtaa wa Ibanda, amesoma chuo kikuu hapa hapa, mama yake anauza visamaki vya sambaza sokoni. Mtu angetegemea walau yeye ashtuke. Alishtukia barua. Akaeleza kwa utaratibu, kama anamfundisha mtoto hesabu, kwamba barua imekwisha kuingia kwenye maelfu ya nyumba, kwamba wageni wawili wa makao makuu wanakuja mwezi huohuo kuona matunda yake, na kwamba wafadhili wakisikia marehemu anatembea, wataanza kuuliza ni kipi kingine walichodanganywa.

"Ule mutoto alishakufa mu dossier, Adélaïde," akasema, kidole juu ya faili, wala hakutabasamu.

Adélaïde akasema basi alipiwe kimyakimya, kwa pesa za barua hiyohiyo, si uso wa mama yake ndio uliozileta? Jean-Baptiste akatikisa kichwa. Hakuna ligne. Kila pesa iko kwenye mstari wake, na pesa za barua zilikuwa na mistari yao: nyumba, magari, mishahara ya wageni, na kutayarisha barua ya pili. Adélaïde alifikiri hakusikia vizuri. Ya pili? Ndiyo, ya pili. Pesa za barua zinazaa barua, nayo barua inazaa pesa za barua nyingine, na Emmanuella yuko nje ya geti, nzi wanamla mguu.

Ni Sophie aliyepata dawa. Unaweza kusema chochote juu ya mwanamke yule, lakini hakuwa mjinga. Aligeuka kutoka dirishani uso umechangamka. Bintu, mama aliyefiwa, amempokea yatima wa vita! Si kitu kizuri hicho? Kwa yatima ligne ipo, tena wanalipiwa siku hiyohiyo bila maswali. Kinachotakiwa ni karatasi moja tu, Bintu atie kidole kwamba huyu si mtoto wake wa kuzaa, amemwokota. Kila mtu anafaidika. Akamwomba Adélaïde ashuke amweleze kwa upole, amwambie ni kwa faida yake.

Adélaïde alishuka na ile karatasi. Ngazi ya mwisho alisimama. Miaka mitatu alikuwa amelainisha maneno ya watu hawa, akayatia sukari kabla hajayapitisha kwa Kiswahili, na safari hii alijisikia kuyatapika.

"Bazungu banasema nini?" Bintu akauliza.

"Banasema Emmanuella alishakufa mu makaratasi yabo, na mufu hatibiwi. Ukikubali kama haiko mutoto yako, ni yatima uliokota, batamupasua kesho. Ukikataa, habalipi."

Bintu alicheka kwanza. Alidhani ni utani wa watu wa ofisi. Alipomtazama Adélaïde usoni, kicheko kikakatika.

Adélaïde akamwambia asitie kidole. Akamwambia watatafuta njia nyingine. Akataja askofu, akataja redio, akataja ndugu wa kanisani, na kila alichokitaja kilikuwa chepesi kuliko kilichotangulia. Bintu alikuwa ameinama, anapangusa usaha kwa ncha ya kikwembe chake, polepole, asimwumize mtoto.

"Njia ingine iko wapi, maman?" akasema. "Wewe utarudi kwako utakula. Mi nitarudi na mutoto ananuka. Leta ile wino."

Akatia kidole. Hakukitia mara moja tu, akakikandamiza na mara ya pili, ili wasije wakasema haikuonekana. Kisha akamgeuza mtoto uso, pale pale getini, akamfundisha. Kuanzia leo, mbele ya watu hawa mimi ni tantine wako, shangazi tu. Mama yako alikufa vitani. Sema. Emmanuella akatikisa kichwa. Sema. Mtoto akaanza kulia, akamng'ang'ania shingoni akiita mama, mama, na Bintu, aliyemtafuta mtoto huyo karibu mwaka mzima, akamzaba kofi. Mlinzi akageuza uso. Baada ya kofi la pili mtoto akasema.

Kesho yake akapasuliwa. Ukweli usemwe, mguu ulipona. Madaktari walikwangua mfupa, wakatoa vipande vilivyooza, na wiki ya pili homa ikashuka, akaanza kuomba chakula. Ilibaki kupasuliwa mara moja tena ili jeraha lifungwe, nayo ilikuwa bado haijalipiwa.

Ndipo wageni wa makao makuu walipoletwa wodini. Bwana mmoja mrefu na bibi mmoja mwenye mvi nzuri, watu wapole, hata ubaya wa kuwachukia usingeupata. Sophie mbele, Jean-Baptiste nyuma na mafaili, na Adélaïde katikati amevaa gilé, kile kizibao chake cheupe chenye alama ya shirika, kubwa mpaka mgonjwa wa kitanda cha mwisho angeisoma. Bintu alikuwa amekaa kando ya kitanda anapooza uji kwa kuumwaga kutoka kikombe hiki kwenda kile. Bibi akamtambua kutokana na ile barua, akamkumbatia, akamwambia amelilia mtoto wake. Adélaïde akatafsiri. Bintu akasema aksanti.

Kisha bibi akainama kwa mtoto, akauliza mama yake yuko wapi.

Emmanuella alingoja Kiswahili kifike. Hakumtazama Bintu hata kidogo. Akasema, "Mama alikufa mu vita. Niko na tantine."

Wodi nzima ilikuwa inamtazama Adélaïde sasa. Wagonjwa na wauguzi walikuwa wanajua huyu ni mama wa nani, maana mtoto aliita mama usiku kucha alipokuwa na homa. Neno moja la Kifaransa lingetosha kuangusha kila kitu, nyumba ya Muhumba, majipu, barua ya pili. Lingeangusha pia lile jeraha lililobaki wazi. Bintu aliinua macho kutoka kwenye vikombe akamkazia. Lilikuwa jicho la onyo, kavu, la mtu aliyekwisha kulipa asiyetaka kuharibiwa bidhaa yake.

Adélaïde akatafsiri. Bibi akalia. Bwana mrefu akavua miwani akaifuta. Sophie akawashika mikono, akasema kwa sauti ya chini kwamba hii ndiyo sababu wako hapa, na Jean-Baptiste akatoa kamera.

Walipotoka, Adélaïde alibakishwa nyuma. Bintu alitakiwa atie kidole tena, kwenye karatasi ya kuruhusu foto zitumike. Akatia bila kuuliza ni foto gani. Nje majipu yakawaka, yakashuka mteremko, mngurumo ukapotelea upande wa mjini, na wodini watu wakarudi kuongea. Bintu akaketi kitandani. Akamnywesha mtoto uji, kijiko baada ya kijiko, akampangusa mdomo, akamwambia amefanya vizuri sana, mutoto muzuri, bazungu bameenda, imeisha.

"Sasa uniite mama," akasema.

Emmanuella alimeza uji. Akamtazama Adélaïde, aliyekuwa bado amesimama miguuni pa kitanda na karatasi yake. Akaiangalia ile gilé.

"Ndiyo, tantine," akasema.